Madini ya Chakula na Sumu ya Risasi



Wavuvi wengi huyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari ili kutengeneza chubwi za mishipi na nyavu. Katika ukaguzi wa chama kimoja nilikuta kazi hiyo ikifanyika kwenye meko yale yale yanayopikia chakula cha watoto. Ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Risasi ni sumu. Moshi na vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi na kwa kumezwa, hudhuru ubongo wa mtoto, na huharibu damu na mafigo. Mtu mzima hufyonza takriban asilimia 10 ya risasi aliyoimeza. Mtoto mdogo aweza kufyonza hata asilimia 50.

Lakini chakula nacho kina sehemu yake. Tuufananishe utumbo na ghala. Akiba ya madini ya chuma inapopungua, mwili hufungua milango zaidi ili kuyapokea, na yaelekea risasi huingia humo kama mwizi aliyejichanganya na wapagazi. Ndiyo maana watoto wenye upungufu wa chuma mara nyingi huonekana kuwa na risasi nyingi zaidi katika damu. Kalsiamu nayo hushindana na risasi utumboni. Tena risasi hujificha mifupani kwa miaka mingi. Mama mjamzito asiyepata kalsiamu ya kutosha huchota akiba ya mifupa yake, na risasi humfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo inafaa familia zile dagaa wazima pamoja na mifupa yao, maziwa, maharage na mboga za majani. Machungwa na malimau husaidia chuma kufyonzwa, bali chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia. Mtoto asishinde na njaa, kwani tumbo tupu hufyonza risasi zaidi.

Hata hivyo, chakula bora hupunguza hatari tu, hakiiondoi. Vidonge vya chuma visitolewe bila ushauri wa mganga.

Nashauri kila chama cha wavuvi kiamue mkutanoni mambo matatu:

(a) Risasi isiyeyushwe nyumbani wala karibu na watoto.
(b) Mfanyakazi aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi kwake.
(c) Watoto wa wahusika wapelekwe hospitali wakapimwe damu.

Makatibu, tafadhali yasomeni haya mbele ya wanachama, na akina mama wawepo.