Je, Wajua? Kigali hadi Kamembe kwa Ndege

Je, wajua kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Kigali, pale Kanombe, hadi ule wa Kamembe wilayani Rusizi ni kilomita 147 hivi tu, ukipima kwa mstari ulionyooka? Kwa hesabu ya marubani ni kama maili 80 za baharini. Ndege huzimaliza kwa nusu saa hivi.

Je, wajua kwamba kwa basi safari hiyohiyo hula muda wa saa tano hadi sita? Barabara inapitia Muhanga, Nyanza, Huye na Nyamagabe, kisha inaingia msitu wa Nyungwe, kona juu ya kona, ikivuka mgongo wa milima unaogawa maji: mvua ya upande mmoja huishia mto Nile, ya upande wa pili mto Kongo. Abiria mwenye tumbo jepesi anaujua vizuri mgongo huo.

Je, wajua kwamba muda mwingi wa safari hii ya anga huishia katika kupanda na kushuka? Dash 8 Q400, ndege ya mapangaboi ambayo RwandAir imeitumia katika njia hii, ikishatulia angani hukimbia zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Kwa kasi hiyo kilomita 147 zingeisha chini ya robo saa. Lakini ndege lazima itembee hadi mwanzo wa njia ya kurukia, ipande, izunguke kujipanga, ishuke taratibu. Tena muda ulioandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Ndiyo maana kukata umbali nusu hakukati muda nusu: Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kilomita 73 hivi, na bado ni dakika 20 hivi.

Je, wajua kwamba njia ya kurukia ya Kamembe ina urefu wa mita 1,500, na ya Kigali mita 3,500? Kamembe iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa hupata msaada mdogo, na ndege huhitaji kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuruka. Ndege kubwa za masafa marefu hazina nafasi hapo.

Je, wajua kwamba kwa anga Rusizi iko karibu zaidi na Goma (kilomita 95) na Bujumbura (kilomita 106) kuliko Kigali, mji mkuu wa nchi yake?

Na uwanja wa Kavumu, ng'ambo ya ziwa Kivu, uko kilomita 20 tu kutoka Kamembe! Kavumu, uliotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, uko kama kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Bukavu nchini Kongo (DRC) kwa barabara, ilhali Kamembe iko jirani kabisa na mpaka. Wapo wasafiri wa Bukavu waliozoea kuvuka daraja la mto Rusizi na kupandia ndege huku.

Na kwa anayetaka kutazama nje akiwa safarini: mabawa ya Dash 8 yako juu ya madirisha, hivyo hayazibi macho. Ukitoka Kigali, omba kiti cha dirishani upande wa kulia: ziwa Kivu liko upande huo.