Asiransi ya sali yetu: tusome mbele ya kulipa



Juma hili tuzungumze juu ya karatasi moja ambayo vikundi vingi vinaiweka ndani ya sanduku bila kuisoma: mkataba wa bima, ama asiransi kama tunavyozoea kusema.

Kikundi chetu hapa Lubumbashi kinapanga sali moja. Asubuhi wasichana wanajifunza kushona, na siku ya Posho wamama wanakutana kwa kikao cha akiba. Kila mwaka tulilipa asiransi na kulala usingizi. Kisha mvua za kwanza zikaja na upepo ukang'oa mabati. Bati moja lilimkata mtoto mkononi. Vitambaa na magunia mawili ya unga vikalowa vyote. Tulipofungua mkataba tulikuta hatari moja tu: moto. Upepo haukuandikwa. Mtoto pia hakuandikwa. Pesa za hospitali zilitoka kwenye akiba, zile ambazo wenzetu walizitegemea kwa minervali ya watoto.

Hakuna aliyetudanganya. Sisi wenyewe hatukuuliza. Mimi mwalimu niliona haya, maana kila siku nawaambia wanafunzi wasome swali mbele ya kujibu.

Basi, tuulize mambo manne.

Kwanza, vitu gani, na ni vya nani? Bima ya mwenye nyumba mara nyingi inalinda kuta na paa lake. Mashine za kushona na viti ni vyetu; visipoandikwa, havilindwi. Andikeni orodha pamoja na bei ya kweli, pigeni picha, na nakala ikae nyumbani kwa mama mwingine. Msipunguze bei ili mlipe kidogo. Vitu vya dola 2 000 mkiviandika kuwa vya 1 000, kisha hasara ikawa 600, kampuni inaweza kuwapa 300 tu, kwa sababu mlilinda nusu.

Pili, hatari gani? Moto, upepo, maji, wizi: kila moja itajwe kwa jina lake. Ulizeni pia yale yaliyoondolewa, kama vita na fujo. Wenzetu wa Goma, walioona Nyiragongo ikilipuka tarehe 22 Mei 2021, waulize hata juu ya volkano.

Tatu, watu je? Sehemu inayomlipa mgeni aliyeumia kwa kosa la kikundi inaandikwa kwa Kifaransa responsabilité civile. Itafuteni. Ulizeni pia kama mama anayejitolea kufagia ama kupika analindwa, maana mara nyingine yeye anahitaji bima ya ajali ya peke yake.

Nne, jina la nani? Mkataba uwe kwa jina la kikundi, si la prezida. Prezida anaweza kuhama, kikundi kinabaki.

Zamani SONAS peke yake ndiyo iliuza bima katika nchi yetu. Sheria ya Machi 2015 ilifungulia kampuni zingine mlango, na ARCA ndiyo inayotoa ruhusa na kuzichunga. Kwa hiyo pelekeni orodha ileile kwa kampuni mbili ama tatu, na kila moja ionyeshe ruhusa yake. Msiangalie bei tu. Angalieni franshizi, yaani sehemu ya hasara ambayo tutaibeba wenyewe, na siku ngapi tunapewa za kutoa habari baada ya ajali.

Sisi tumechagua mkataba unaotaja upepo na wageni. Bei ilipanda, kwa hiyo tuliacha viti vya plastiki nje ya orodha: kiti kikivunjika tutanunua kingine. Mtoto amepona, lakini kovu liko mkononi, na mama yake bado anakuja kikao kila Posho.

Kikao kijacho, leteni mkataba wenu. Mama mmoja ausome kwa sauti, na wengine waulize.