Johnny, Shetani na fidla ya zahabu: juu ya nini wimbo wa 1979 ungali unapendwa?

Kuko nyimbo zinazopita pamoja na mwaka wake, na kuko zingine zinakataa kuzeeka. «The Devil Went Down to Georgia», wimbo wa Charlie Daniels na kundi lake, ni wa namna hiyo. Ulitoka Marekani mwaka 1979, ukafika nafasi ya 1 kwenye orodha ya nyimbo za kantri, muziki wa mashambani wa kule, na nafasi ya 3 kwenye orodha ya nyimbo zote. Ukapata pia tuzo ya Grammy. Daniels alifariki Julai 2020, akiwa na miaka 83, lakini wimbo ungali unapigwa. Juu ya nini?

Kwanza, ni hadisi. Shetani anafika jimbo la Georgia kutafuta roho ya kubeba. Anakuta kijana Johnny anapiga fidla, ile violoni ya nyuzi 4. Anamuambia: tushindane. Ukinishinda, utapata fidla ya zahabu. Nikikushinda, roho yako ni yangu. Johnny anajua pengine ni zambi, lakini anakubali, tena anajisifu. Hapo nani atazima redio? Daniels naye haimbi sana: anasema maneno mbio mbio, sawa mzee anayesimulia watoto usiku.

Pili, muziki wenyewe unatoa ushahidi. Shetani anaanza. Kundi la mapepo linamsaidia, besi inanguruma, fidla inapiga makelele. Inatisha, lakini hakuna sauti unaweza kushika na kwenda nayo nyumbani. Daniels mwenyewe alieleza kama sehemu ya Shetani ni kelele tu. Halafu Johnny anapiga namna ya dansi za zamani za mashambani, huku akitaja nyimbo ambazo watu wa kule walizirithi kwa wazee wao. Njo siri ya wimbo: Shetani iko na nguvu, Johnny iko na urithi.

Na wimbo wenyewe uliokota urithi. Daniels alikumbuka shairi la Stephen Vincent Benét la mwaka 1925, lenye kueleza mashindano ya fidla huko Georgia. Sauti yake inatoka karibu na muziki wa mpiga fidla Vassar Clements. Kundi lilikuwa studio, likaona albamu yao haina wimbo wa fidla, wakautunga. Kwa ajili ya redio, tusi moja la mwishoni lilibadilishwa.

Lakini ubishi haujaisha. Kuko wanaosema kwa ufundi Shetani ndiye alipiga vizuri zaidi. Wengine wanauliza: mtu aliyeweka roho yake kwenye mchezo, kweli ameshinda? Mwaka 1993, mpiga fidla Mark O'Connor alitoa wimbo wa kuendeleza hadisi, Daniels akiwa ndani: Shetani anarudi kudai mechi ya pili. Maana yake kiburi cha Johnny kilimuachia mlango wazi.

Basi mukiusikia, musikilize sehemu zote mbili bila haraka, kisha mukate hukumu ninyi wenyewe. Wimbo unaomfanya msikilizaji kuwa mwamuzi hauchoshi.