Informatiki inaomba hesabu gani?

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, wadogo zetu wa hapa Kisangani wanaleta swali lile lile: "Yaya, miye nilimaliza pedagoji, si Math-Physique. Nitaweza informatiki kweli?" Swali si la mchezo. Minervali ikishalipwa hairudi, na anayepoteza ni mzazi aliyeuza mchele ao mawese.

Mwaka wa kwanza utakutana na analizi na aljebra: limiti, derivate, matrisi. Mwenye Math-Physique alishaziona. Wa pedagoji ao wa komersiali atasikia mambo mengi mara ya kwanza, tena profesa anakwenda mbio. Huo ukuta uko, sitauficha. Omba madaftari ya rafiki aliyefanya Math-Physique, uanze miezi miwili mitatu mbele ya masomo. Umeme ukikatika, karatasi na kalamu vinaendelea kufanya kazi.

Lakini hesabu ambayo kuandika programu kunaomba kila siku ni ingine. Kwanza mantiki: "na", "ao", "hapana". Mwingereza George Boole aliiwekea kanuni katika kitabu cha 1854, wakati kompyuta hazikuwepo. Angalia: programu inafungia mlango wa mtihani "asiyelipa na asiyejiandikisha". Badilisha "na" kuwa "ao", aliyelipa lakini hakujiandikisha naye atabaki inje. Neno moja tu!

Kisha kuna kuhesabu njia, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Tuseme uko na moto, unatoka Makiso kupeleka mizigo Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga (ng'ambo ya mto, usisahau pirogi). Utaanza wapi? Kwa komuni 5 kuna mipango 5×4×3×2×1, yaani 120. Wateja wakifika 10, mipango ni 3,628,800. Wakifika 15, inapita miliari 1,300. Ukiagiza kompyuta ijaribu yote moja moja, utakuwa umeandika programu sahihi isiyofaa kitu. Kuliona jambo hilo mbele ya kuandika, ndiyo hesabu ya informatiki.

Ukitaka akili bandia ao picha, matrisi, derivate na probabilite zitakufuata mpaka mwisho. Ukitaka rezo, utahesabu sana kwa mbili: 2 kwa kipeo cha 8 ni 256, kwa hiyo namba katika adresi kama 192.168.1.10 zinaishia 255. Gestion ya database inaomba zaidi seti na mantiki.

Jipime leo. Uko na orodha ya majina 1,000 kwa alfabeti, unatafuta moja. Fungua katikati, tupa nusu, rudia: mara 10 zinatosha. Kwa majina 1,000,000 ni mara 20 tu. Ukiweza kumweleza mwenzako kwa nini si 10,000, nenda ujiandikishe.