Ankara ya PDF haitoshi, ndugu

Ndugu zetu wa Jordbro wenye vikampuni vya usafi na ujenzi, hili tunakutana nalo sana kwenye mahesabu yenu. Tangu tarehe 1 Aprili 2019, sheria ya Sweden inataka ukiuzia serikali au manispaa, kama Haninge yetu hapa, utume ankara ya kielektroniki. PDF kwa imeili haihesabiki. Ankara hiyo ni faili la XML: jina, kiasi, tarehe ya kulipwa, kila kimoja kina lebo yake ili kompyuta isome yenyewe. Na kompyuta haibahatishi. Namba ya oda ikikosewa herufi moja tu, ankara inaweza kukwama, na pesa ya kutuma nyumbani inachelewa. Basi nakili namba kama ulivyopewa. Usiandike kwa kukumbuka.