Mshubiri wa Handeni kwenye chungu cha Tengeru

Udongo wa Tengeru umetokana na majivu ya Mlima Meru, na migomba, kahawa na mboga hustawi humo. Mshubiri mdogo wa Handeni huuawa na neema hiyohiyo. Mmea huu, ambao jina lake la kisayansi ni Aloe dorotheae, asili yake ni miamba ya Handeni, mkoani Tanga, penye joto na udongo haba. Alwin Berger aliuandika kitaalamu mwaka 1908. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inauhesabu miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka porini, ingawa bustani nyingi za ughaibuni zinao. Shina lake halizidi sentimita 25 hivi, kwa hiyo chungu kinautosha.

Udongo wa shambani ukijazwa chunguni hushika maji siku nyingi, mizizi ikakosa hewa na kuanza kuoza. Majani yakilegea mtu hudhani ni kiu, anaongeza maji, na mmea unakwisha. Changanya sehemu mbili za changarawe ya volkano, ile nyepesi yenye matundu, na sehemu moja ya udongo uliochekechwa.

Wengi hutandika kokoto chini ya chungu wakiamini zinatoa maji. Hazitoi. Maji yaliyo katika udongo laini hayashuki kwenye mapengo ya kokoto mpaka udongo huo ushibe kabisa. Kumbe kokoto huisogeza ile sehemu yenye tope juu, karibu zaidi na mizizi. Changarawe iwe ndani ya mchanganyiko wote, na tundu la chini libaki wazi. Napendelea chungu cha kufinyangwa kuliko cha plastiki, kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu. Kiwe kipana, si kirefu.

Wakati wa masika kiweke barazani, penye jua la asubuhi. Juni na Julai, mawingu yakitanda na baridi ikiuma, acha karibu kabisa kumwagilia. Januari na Februari mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha ngoja mchanganyiko ukauke wote.

Uzuri wa mmea huu ni wekundu wa majani, nao ni kinga ya jani dhidi ya jua kali. Ukiuficha kivulini na kuutia samadi utapata majani ya kijani, marefu na dhaifu. Uzoeshe jua polepole, usije ukaungua.

Tafadhali, usiende kuuchimba porini. Mmea mmoja huzaa machipukizi mengi: kata moja kwa kisu safi, liache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, ndipo ulipande. Kuuvusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Anayetaka mbegu atafute mimea miwili isiyotoka kwa mama mmoja, maana mishubiri mingi haijichavushi, na machipukizi ya mama mmoja ni mmea uleule. Aiweke pia mbali na mishubiri ya aina nyingine inapochanua. Huchanganyika kirahisi, na mbegu zake hazitakuwa tena za Handeni.