Usalama wa Mwanamke Waanzia Mezani pa Askari

Katika vijiji vya safu ya Wanale, juu ya mji wa Mbale, mwanamke aliyepigwa na mumewe aghalabu haanzi kwa kwenda polisi. Huanza kwa mama mkwe, kisha wazee wa ukoo, kisha mwenyekiti wa kijiji, na mara nyingi wote humwambia avumilie. Akiteremka mlima kwa miguu mpaka kituoni, askari ndiye tumaini lake la mwisho. Kwa sababu hiyo, katika makala yetu ya leo twataka kuonyesha kwamba usalama wa wanawake, hapa kwetu na katika nchi jirani, haupimwi kwa wingi wa sheria zilizoandikwa. Hupimwa kwa matendo ya mtu aliyevaa sare.

Ubaya huu hauna taifa wala kabila. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa karibu mwanamke mmoja katika kila watatu duniani amepigwa na mwenzi wake, au ameingiliwa kwa nguvu na mwenzi au mtu mwingine, walau mara moja maishani. Hapa Uganda, uchunguzi wa afya ya wananchi wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata kufanyiwa ukatili wa kujamiiana.

Sheria tunazo. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 yamwagiza askari amsaidie mlalamikaji kupata matibabu na mahali pa kujihifadhi, na amweleze haki zake. Mlalamikaji akitaka kuhojiwa na askari wa jinsia yake, ana haki hiyo. Maneno tuliyozoea kuyasikia, kwamba mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, hayamo katika sheria hiyo.

Basi na tuitazame kazi yenyewe. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha, ile iitwayo PF3, hutolewa bure. Anayeidai pesa anauza haki ya mtu. Aliyebakwa asiambiwe arudi kesho, kwa maana dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI sharti aianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Ashauriwe asioge kabla ya kuonana na daktari, na nguo zake zihifadhiwe ndani ya karatasi wala si katika mfuko wa plastiki, zisije zikaoza na ushahidi ukapotea. Ikiwa aliyetendewa ni mtoto wa chini ya miaka 18, hapana mbuzi wala fedha za wazazi ziwezazo kulimaliza shauri. Hilo ni kosa la jinai, na askari anayekaa kando huku wazee wakipatana humsaidia mkosaji.

Liko pia jambo la lugha. Kwa miaka mingi nchini mwetu Kiswahili kilijulikana kuwa lugha ya kambi, na katika miaka ya 1970 wananchi wengi walikisikia vizuizini, mbele ya mtutu wa bunduki. Mama wa Kigisu au wa Kisoga anapokaripiwa kwa lugha hiyo mezani, hofu ya zamani humrudia na maneno yake hukatika. Kiswahili kile kile, kikisemwa kwa upole, chaweza kumtuliza. Asipokifahamu, atafutwe mkalimani mwaminifu, asiwe jamaa wa mshitakiwa.

Juu zaidi mlimani, katika nchi ya Sebei, tumejifunza kuwa sheria pekee haitoshi. Wazee wa Sabiny walikwisha anza kuupinga ukeketaji wa wasichana kabla ya sheria kuja. Mwaka 1998 chama chao kilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya idadi ya watu. Sheria ya kupiga marufuku desturi hiyo ilifuata mwaka 2010. Hata hivyo, Januari 2019 askari walilazimika kupelekwa wilaya ya Kween kwa sababu wasichana walikuwa wakikeketwa tena. Mahali ambapo wazee na askari hushirikiana, msichana hupona. Askari akija peke yake, kisu hufichwa au huvushwa mpaka wa Kenya.

Hali kadhalika mahari. Zamani mke aliyepigwa aliogopa kurudi kwao kwa kuwa baba hakuwa na ng'ombe wa kumrudishia mume. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama Kuu kuliko zote nchini iliamua, katika shauri lililoletwa na shirika la MIFUMI lenye asili yake Tororo, kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Askari akisikia dai hilo kituoni, ajue jibu.

Majirani nao wana mafunzo. Nchini Rwanda, mwaka 2009 kilifunguliwa kituo cha Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, ambapo daktari, mpelelezi na mshauri hukaa chini ya paa moja, ili mwanamke asirudie aibu yake mbele ya milango kumi. Kongo yatupa fundisho chungu. Askari walipowabaka wanawake wa Fizi mnamo siku ya Mwaka Mpya 2011, mahakama ya kijeshi ilisafiri hadi Baraka, na mwezi Februari kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Cheo hakikumwokoa.

Mwisho, twawakumbusha walinzi wetu, toka kambi za Jinja hadi za Mbale, kuwa askari naye ni mume na baba. Mficha uchi hazai. Nyumba za kambini hazina kinga mbele ya sheria, na mke wa askari ni mwananchi kama wengine. Anayempiga mkewe usiku hawezi asubuhi kuandika kwa moyo safi malalamiko ya mke wa mwingine. Bunduki na sare ni amana ya wananchi, na nusu ya wananchi hao ni wanawake.